Mtu Harithiwi Angali Hai

Tangi la shule lilikauka saa nne asubuhi, na ilipofika saa tano mama mtu alikuwa ameshaitwa. Alisimama katikati ya ofisi ya walimu, vidole vyake vimekunjamana kwa maji ya sabuni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi na viti vyote vilikuwa na wenyewe.

Aliyelimaliza tangi ni bintiye wa miaka tisa. Alitumwa ajaze ndoo moja tu ya kufutia ubao. Akafungua bomba, akaona sisimizi wamebeba ubawa wa nzi, akawafuata ajue wanaupeleka wapi. Basi. Wanafunzi mia tatu wakabaki bila maji ya kunywa wala ya chooni.

"Ehe, na walikuwa wanaupeleka wapi?" mwalimu mmoja aliuliza kwa kejeli, na wenzake wakacheka. Mtoto alidhani ameulizwa kweli.

"Nyuma ya choo, mwalimu. Kuna ufa. Wakifika pale wanaugeuza kwanza ndiyo upite."

"Nyamaza!" mama alisema, uso umemwiva kwa aibu.

Mtaani mtoto huyu walimwita Kiguu. Mwanzo lilikuwa Kiguu-na-njia, kama watu wamwitavyo mtu asiyekaa mahali, halafu wakachoka kulimaliza jina, likabaki hilo. Mama yake, ambaye ni dobi katika hoteli, akawa Mama Kiguu, na hakulipenda hata siku moja, ila angefanyaje? Jina la mtaani huombi.

Mwalimu wa darasa alifungua daftari lake. "Jana, kipindi cha hesabu, ameinuka mara arobaini na moja. Nimepiga vistari, hivi hapa. Sasa mama, mimi nafundisha hesabu au namhesabu mwanao?"

"Nisameheni, walimu wangu. Nitamkanya."

"Umemkanya tangu darasa la kwanza," mwalimu mkuu alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na ukimkuta mtu aliyechoka ana haki, jihadhari naye. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mama. Mimi sisemi zaidi."

Mtu akikwambia hasemi zaidi ujue ndiyo kwanza anaanza. Alisema dakika kumi nzima. Alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Alisema yeye pia ana watoto watano na wote wanakaa. Mama Kiguu aliitikia "ndiyo mwalimu" kila palipokuwa na nafasi ya kuitikia. Mwishowe mwalimu mkuu akashusha pumzi.

"Nenda hospitali. Wakikuandikia barua kwamba mtoto ana tatizo linalojulikana, basi nitajua namna ya kumweka. Nitamkalisha mbele, nitamtafutia mtu wa kumwangalia. Bila barua, mwezi huu ukiisha, mtafutie shule nyingine."

Shule nyingine ipi? Ile ya kwanza ilishamfukuza, na ya pili ilikataa hata kumwandika. Na kilichomuuma zaidi mama ni kwamba Kiguu aliipenda shule. Alikuwa wa kwanza kuamka, akivaa sare usiku haujaisha, mara nyingine shati ndani nje. Alikwenda shule kila siku kwa furaha, na kila siku akarudi analia.

* * *

Daktari wa watoto aliyeshughulika na mambo ya akili alikuja hospitali ile siku za Alhamisi tu. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. Hakumkemea Kiguu alipoingia chini ya meza. Alimtazama akifungua gurudumu la kiti kwa kucha, akaandika kitu.

Aliuliza maswali mengi: anasahau vitu? Anamaliza anachokianza? Anakatiza watu wakizungumza? Mama Kiguu akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka akaona kama anamsengenya mwanawe.

"Sikiliza, mama," daktari alisema. "Siwezi kuthibitisha kwa siku moja. Lakini haya ninayoyaona tunayajua. Ni tatizo la umakini na utulivu. Ubongo wake unapata shida kukaa kwenye jambo moja, na unapata shida kujizuia. Si utovu wa adabu. Wala si kwamba wewe hukumlea."

Mama Kiguu akaangua kilio. Miaka tisa alikuwa akiambiwa lile lile, na wakwe, na majirani, na kondakta wa basi, na watu asiowajua sokoni. Leo mtu aliyesoma amemwambia si wewe. Alilia mpaka Kiguu akatoka chini ya meza na gurudumu mkononi.

"Sasa linatoka wapi, daktari?"

"Mara nyingi ni la kurithi. Ni kama urefu. Mtu mrefu hakufanywa mrefu na kitu kimoja. Ni vinasaba vingi, vidogo vidogo, kila kimoja kimechangia chake. Na hili ni hivyo hivyo. Ndiyo maana nakuuliza: nyumbani nani mwingine yuko hivi?"

Hapo Mama Kiguu alicheka, machozi yangali mashavuni. Hakukusudia.

"Daktari, baba yake ni fundi cherehani. Wateja wanamwita Fundi Kesho. Dukani kuna suruali ya mguu mmoja ina miaka miwili. Mwenyewe ameshanenepa, haimtoshi tena. Anaanza gauni la bibi harusi, akiona kitambaa kizuri anaanza lingine. Ametumwa chumvi akarudi na kuku! Chumvi hakuleta."

"Namhitaji," daktari alisema, naye alikuwa anatabasamu. "Aje yeye na mtoto, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa tisa. Na ukurasa huu ujazwe na mtu aliyekua naye, anayemkumbuka akiwa mdogo. Nikipata hayo, barua nitaiandika siku hiyo hiyo. Ila usikose siku hiyo, mama. Baada ya hapo naenda masomoni, na sijui kama wataleta mwingine."

Mama Kiguu mwenyewe asingeweza kuja. Hotelini alishapewa onyo mara mbili kwa kuitwa shuleni, na msimamizi alimwambia la tatu ni la kuondoka nalo.

* * *

Aliyekua na Fundi Kesho ni mmoja tu, dada yake mkubwa, muuza mkaa, mwanamke wa maneno machache ambayo kila moja lilikuwa na uzito wa gunia. Mume, mke na mtoto walimkuta sebuleni kwake Jumapili anakunywa chai. Mama Kiguu alikuwa amejipanga njia nzima aanze vipi. Alilibeba lile neno la daktari kama alivyopewa, asije akaliharibu.

"Wifi, daktari anasema hii hali mtoto amerithi kwa baba yake."

Shangazi mtu akaweka kikombe chini. "Amefanyaje?"

"Amerithi."

"Kaka yangu amekufa lini?"

Mama Kiguu akadhani amesikia vibaya.

"Nakuuliza wewe, wifi. Mtu harithiwi angali hai. Anayerithiwa ameshazikwa na matanga yameondolewa. Huyu hapa mbele yangu anapumua, leo umekuja nyumbani kwangu kuniambia mwanawe ameshamrithi? Unamwombea nini kaka yangu?"

Kosa lenyewe ndilo hilo, jamani, na ni kosa la neno moja. Angesema "amemchukua baba yake," yangekwisha. Shangazi mwenyewe alilisema kila siku: amechukua pua ya babu, amechukua mwendo wa bibi. Lakini kurithi katika nyumba ile kulikuwa na habari zake. Baba yao alipokufa, ndugu waligombania kiwanja mpaka leo hawasalimiani. Ukitaja urithi, yeye anaona kaburi.

"Si hivyo, wifi. Daktari alikuwa na maana..."

"Na katika ukoo wetu hakuna kichaa. Kaangalieni huko kwenu."

"Si kichaa, wifi."

"Si ni daktari wa akili? Anatibu nini, kikohozi?"

Mama Kiguu aligeuka. Alimtazama mumewe amsaidie, na mumewe alikuwa ameshachomoa betri za redio ya dada yake, anazifuta moja moja kwa ncha ya shati. Nje, Kiguu alikuwa anakimbia kuzunguka magunia ya mkaa, miguu imekuwa myeusi mpaka magotini.

Fundi hakuinua uso. "Dada," alisema. "Ile kamba."

"Kamba gani?"

"Ya darasa la tatu."

Shangazi akakisogeza kikombe kando.

"Mama Kiguu hajui. Sijamwambia mtu." Alizirudisha betri, akazitoa tena. "Mwalimu alinifunga mguu kwenye dawati. Kila asubuhi. Mwaka mzima. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzangu wanakimbilia nje, mimi nakungoja wewe utoke darasa lako uje unifungue. Fundo lilikuwa gumu, ukawa unalivuta kwa meno."

"Ulikuwa mtundu tu," shangazi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Nilikuwa kama yeye." Akaelekeza kidevu nje. "Nilipoacha shule nilijiambia ni ujinga wangu. Mtu mjinga, asiye na maana, hata kifungo hawezi kukimaliza. Miaka yote hii, dada. Kumbe..."

Hakumaliza. Siku nyingine wangemtania kwamba hata sentensi zake ni za kesho, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mkewe alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Miaka kumi na miwili amelala naye kitanda kimoja, na hakuijua ile kamba. Alimwonea huruma mpaka ikamuuma kifuani, na papo hapo akamkasirikia kwa kukaa nayo peke yake.

Shangazi alinyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa. Alimkumbuka kaka yake aliyepoteza viatu mara nne kwa muhula mmoja, aliyeacha mbuzi njiani akafuata gari la matangazo. Alipofika chini palipoulizwa maoni yake, akasita.

"Lile neno lenu siliandiki," alisema. Akaandika: *Mtoto amemchukua baba yake. Nathibitisha mimi dada yake.* Kisha akajifuta macho kwa upande wa kanga, akasema moshi wa mkaa siku hizi umezidi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

* * *

Alhamisi ile Mama Kiguu alijipanga kama mtu anayesafirisha maiti. Alimwandikia mumewe kiganjani kwa kalamu nzito: SAA TISA. Karatasi aliitia kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko, mfuko akamvalisha Kiguu shingoni. Aliwahimiza majirani wawili wamkumbushe. Saa sita na nusu akaazima simu ya mwenzake kule chumba cha kupigia pasi.

"Nimeshamchukua shule," Fundi alisema. "Ninaye hapa, namshika mkono. Duka sijafungua leo, nisije nikakamatwa na mteja. Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Leo hata mvua ya mawe, tunafika."

Na alikuwa anasema kweli. Tusimwonee. Alioga mara mbili, akavaa shati alilolishona mwenyewe, ambalo kwa bahati lilikuwa na mikono yote miwili.

Ubaya ni kwamba muda ulikuwa mwingi. Hospitali ni mwendo wa nusu saa, na walikuwa na saa mbili na zaidi. Akawaza: kumkalisha Kiguu saa mbili kwenye benchi la hospitali ni kutafuta vita na manesi, afadhali wangojee dukani, penye kivuli. Wazo lilikuwa zuri. Yeyote kati yetu angeliwaza.

Ndani ya duka, juu ya meza, kulikuwa na cherehani ya jirani iliyoletwa jana kwa sababu ilikuwa inaruka mshono. Fundi aliitazama. "Dakika kumi," alimwambia Kiguu. "Tuione tu ina nini."

* * *

Mama Kiguu alitoka kazini saa kumi na moja, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hospitali, karibu mbio, awakute huko na barua mkononi. Njiani alinunua soda moja ya Kiguu, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

Korido ilikuwa tupu. Nesi alikuwa anapanga viti.

"Hawakufika, mama. Jina tumeliita mara tatu. Daktari amemngoja mpaka saa kumi na robo, ameshaondoka."

"Haiwezekani. Walikuwa njiani tangu saa sita."

Nesi alimwonyesha kadi. Pameshagongwa muhuri: HAKUFIKA.

"Basi niandikieni nyinyi hiyo barua. Kila kitu kipo, shangazi yake ameshajaza. Mistari miwili tu, dada yangu."

"Mimi nesi, mama. Siruhusiwi."

"Nitapiga magoti." Na alikuwa ameanza kuinama, chupa ya soda mkononi, mpaka nesi akamshika bega akamwinua, akatazama kando kwa haya. "Jaribuni mwakani," alisema. "Pengine wataleta mwingine."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Walikuwa njiani tangu saa sita! Basi wamegongwa. Alikimbia njia ile ile ambayo wangepita, akitazama kila mtaro, akiuliza wauza maji kama kumetokea ajali, kama wamemwona mwanamume mrefu na mtoto wa sare. Hakuna aliyewaona. Alifika mtaani hana pumzi, kandambili moja mkononi; wale majirani wawili, kwa kuona duka halikufunguliwa, walidhani wameshakwenda, lakini yeye akaona mlango wa duka umeachwa wazi kidogo.

Walikuwa wamekaa sakafuni, baba na binti, magoti yamegusana. Cherehani ilikuwa wima kati yao. Kiguu ameshika mshumaa kumulika, kwa kuwa ndani kulikuwa na giza na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa. Mfuko wenye bahasha ulikuwa bado shingoni mwake. Skrubu zimepangwa juu ya gazeti kwa safu, kubwa kwa ndogo, na kila Fundi aliponyoosha mkono, mtoto alimpa ile anayoitaka kabla hajaitaja. Hawakumsikia akiingia.

"Sasa zungusha," Fundi alisema.

Kiguu akazungusha gurudumu. Sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka. Mshono ukatoka mnyoofu.

"Hairuki! Baba, hairuki!"

Ndipo Fundi alipoinua uso akamwona mkewe. Alitabasamu kwanza. Kisha akaangalia kandambili iliyokuwa mkononi mwake, akaangalia mlango, kiza cha nje, na mwisho akageuza kiganja chake. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamekifuta chote, hakuna kilichosomeka.

"Saa ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua.

Mama Kiguu alifungua mdomo. Yalikuwa yamemjaa yote: huna akili? Mara ngapi nimekwambia? Mtu mzima unashindwa kukaa na jambo moja, siku moja tu katika maisha yako? Yalikuwa maneno ya mwalimu mkuu, ya wakwe, ya kondakta wa basi. Aliyajua kwa moyo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiyapokea. Na aliona Kiguu ameacha kuzungusha gurudumu, anamtazama. Mtoto alikuwa anangoja asikie mtu wa namna ile huambiwaje na mama yake.

Hakuweza. Akimlaumu baba amemlaumu na mtoto. Akimsamehe mtoto amemsamehe na baba. Basi wa kulaumiwa hapo ni nani? Jumatatu mwezi unaisha. Barua hakuna, daktari hayupo, shule hakuna.

"Samahani," Fundi alisema. Alikuwa ameshasimama. "Samahani, Mama Kiguu. Ngoja tukimbie, labda bado wapo. Tutakimbia sasa hivi."

"Wameshafunga," alisema. "Imetengenea?"

"Nini?"

"Cherehani. Imetengenea?"

"Imetengenea."

"Haya." Aliiweka soda juu ya meza, akaketi kwenye benchi la wateja. Alilia kwa sauti, kama watu waliavyo msibani. Fundi alisimama katikati ya duka lake, mikono inaning'inia, hajui amguse au asimguse.

Kiguu akauzima mshumaa kwa uangalifu, akauweka mbali na vitambaa kama alivyofundishwa. Akaja akasimama mbele ya mama yake. Alimwinamia amtazame usoni, na kweli hakuelewa, maana toka saa saba mpaka saa ile hakuwa ameinuka pale sakafuni hata mara moja.

"Mama, mbona unalia?" aliuliza. "Si leo nimetulia?"